NESI WA TABORA, SEHEMU YA 6: Abaya kumi na mbili kwenye mzigo wa watoto

Mama mmoja kaniuliza: anahama Muscat na familia kurudi nyumbani, je, vitu vya watoto vitatozwa ushuru? Nitajibu kwa kisa chetu, maana kosa lilikuwa langu.

Mdogo wangu alirudi na mume na watoto wawili baada ya miaka sita Oman. Mizigo ikaja kwa meli hadi Dar. Mimi kwa tamaa zangu nikamwambia, "Niwekee abaya mpya kumi na mbili niwauzie wenzangu wodini. Zichanganye na nguo za watoto, nani atajua?"

Walijua.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 iko hivi. Ukihamia nchi mwanachama, unasamehewa ushuru wa nguo zako na vitu vya nyumbani ulivyokuwa ukitumia kule ulikotoka: kitanda cha mtoto, friji, cherehani yako. Gari ni moja tu, na uwe umelimiliki na kulitumia angalau miezi 12. Mzigo usiosafiri nawe ufike ndani ya siku 90 tangu ufike wewe. Zikipita, unaomba nyongeza, ila isizidi siku 360. Bidhaa za kuuza hazisamehewi, wala vitambaa vya jora.

Abaya zangu zilikuwa bidhaa. Mzigo wote ukazuiliwa ukaguliwe upya, na gharama za kuhifadhi zikawa zinapanda kila siku. Humo ndani ndimo ilimokuwa mashine ya mtoto ya kuvutia dawa ya pumu. Usiku wa pili hapa Tabora, na vumbi la Agosti mnalijua, akabanwa kifua. Ana miaka minne tu. Nilimkimbiza wodini kwangu, nikamshikia barakoa ya oksijeni mpaka alfajiri. Mdogo wangu hakunilaumu hata neno moja. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Asubuhi kishoka akampigia shemeji: "Toa kitu kidogo, mzigo unatoka leo." Nilitamani akubali. Shemeji akasema hatoi hongo.

Neno hilo lina historia kwenye njia yetu hii. Karne ya 19, misafara ya kutoka Tabora kwenda Bagamoyo ikifika Ugogo ililipa hongo kwa watemi, vitambaa na shanga, ndipo ipite. Ilikuwa inadaiwa hadharani, mchana kweupe. Leo hongo ni ya kunong'onezana kwenye simu.

Tukaandika orodha upya, abaya tukazitenga. Tukapewa namba ya malipo, tukalipa ushuru wake, risiti tunayo. Vitu vya watoto vikatoka bila ushuru, kama ilivyokuwa haki yao tangu mwanzo.

Kwa hiyo mama, kabla hujafunga boksi:

1. Andika orodha ya kila kitu, boksi kwa boksi.
2. Kipya cha kuuza kiwe peke yake, na kitaje. Usikubali kubeba vya watu, hata vya dada yako nesi.
3. Dawa za mtoto, cheti cha daktari, mashine yake na kadi ya kliniki visipande meli. Vikae kwenye begi la mkononi.

Mtoto hajambo, anakimbia chini ya miembe. Abaya bado ninazo tisa. Kila nikizitazama nasikia kile kifua kikikoroma.

Sehemu ya 7: chanjo za mtoto aliyehama katikati ya ratiba.