Kutoka Kobalti Hadi LINAC

Nilipoanza kazi ya tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, tulitumia mashine za kobalti-60. Kobalti haizimwi. Kazi yetu ilikuwa kuifungulia njia imwelekee mgonjwa, kisha kuirudisha ndani ya kinga yake. Na huchakaa: kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu hivi, nguvu yake hubaki nusu, na dozi ileile huchukua muda maradufu.

Chuoni hiyo ilikuwa hesabu tu. Kazini niliiona kwa akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi, waliolala chali juu ya kitanda kigumu huku kiuno kikiwauma. "Vumilia mama, bado kidogo," nilisema kwenye kipaza sauti, macho yangu yakiwa kwenye saa. Kila dakika iliyoongezeka walilipa wao.

Mwaka 2018 tukaanza kutumia LINAC, mashine ya kuongeza kasi ya elektroni, teknolojia iliyomtibu mgonjwa wake wa kwanza katika Hospitali ya Hammersmith, London, mwaka 1953. Ndani yake elektroni husukumwa katika mrija usio na hewa hadi zikaribie kasi ya mwanga, kisha hugonga kipande cha tangsteni na kutoa eksirei kali. Ukizima mashine, mionzi hukoma palepale.

Nilichokipenda zaidi ni vibamba vyembamba vilivyo kwenye mdomo wa mashine. Kila kimoja husogea peke yake, hadi mionzi ikafuata umbo la uvimbe kama daktari alivyouchora kwenye picha za CT, na kibofu na utumbo vikaepushwa na mionzi mingi. Wenye saratani ya kichwa na shingo tuliwatengenezea barakoa za plastiki iliyolainishwa kwa maji ya moto, kila mtu kwa sura yake, ili wasitikisike.

Lakini usahihi huo una masharti. LINAC inataka umeme wa uhakika, chumba chenye ubaridi, fundi wa karibu, na mwanafizikia anayeipima asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Kosa dogo la kumlaza mgonjwa huipeleka mionzi hiyo kali pasipotakiwa. Kwa hiyo nikiulizwa hospitali inayotaka kuanzisha tiba hii ianzie wapi, najibu: isomesheni kwanza timu. Mashine ije iwakute watu wake.