Gego

Jumanne, 8 Julai 2025
Usiku tena. Mwanangu akaanza kuhema mbiombio kama mbwa aliyetoka juani, halafu kimya. Nikahesabu. Tisa, kumi, kumi na moja… akavuta. Mama mkwe anasema dege hilo, kamfunga mvuje mkononi. Sikubisha. Hata mimi nilitaka afungwe kitu.

Ijumaa, 11 Julai
Hospitali, kupigwa picha ya ubongo. Saa nne nzima hajanyonya, maziwa yamenichuruzika hadi gauni limelowa. Mhudumu kataka vitu vyote vitoke: hereni, pini, na ule uzi wa mvuje pia. Akaukata kwa mkasi. Nikauficha kwenye sidiria. Daktari wa usingizi kasema hambanduki mle ndani, pumzi za huyu hazimpi imani. Mashine ikagonga, ikagonga, utadhani mafundi bati. Na yeye kalala tu.

Jumatano, 16 Julai
Jino.
Ndiyo, jino. Daktari kanigeuzia kioo cha kompyuta: ubongo kama umekatwa slesi, na katikati gego limesimama, mizizi yake miwili imeshuka. Kumbe si mizizi. Ni vishikizo vya ubongo wa nyuma, vimenenepa na kurefuka, na kile kipande cha kati cha ubongo huo ni kidogo mno. Ndiyo maana shingo haikazi. Ndiyo maana macho yanachezacheza, na pumzi ile.
Mdomoni hana hata jino moja, mwanangu!
Ugonjwa unaitwa Joubert. Daktari wa kike wa Montreal ndiye aliyeuandika, 1969, kwa ndugu wanne. Wa tumbo moja. Afadhali asingenambia hilo la wanne.
Halafu, taratibu: "Mama, wewe na baba mtoto mna undugu?"

Alhamisi, 17 Julai
Baba wa mume wangu na mama yangu ni ndugu. Harusi ile kila mtu alipiga vigelegele, mali haitoki nje. Sasa naambiwa kila mimba, moja kwa nne. Nimemweleza gizani, taa imezimwa. Hakujibu. Baadaye akauliza, "Na figo?" Maana figo nazo zinatakiwa kuangaliwa, na macho, mara kwa mara, hata akionekana mzima.

Jumamosi, 19 Julai
Leo kacheka. Alimsikia baba yake mlangoni, akageuza kichwa kwanza, macho yakafuata nyuma yakichelewa.
Ultrasaundi ya figo Jumatatu. Nimeufunga tena ule uzi, fundo juu ya fundo. Mama mkwe asijue ulikatwa.