Mwenye Nyumba Hahesabiwi

Uingereza wanalipa. Ukimpokea mtu wa Ukraine chini ya mpango uliotangazwa Machi 2022, wiki chache baada ya Urusi kuvamia tarehe 24 Februari, serikali inakupa pauni 350 kila mwezi. Inaziita shukrani, na kodi huruhusiwi kumtoza mgeni. Kabla hajafika, afisa wa baraza la mji anapanda ngazi zako, anajaribu kengele ya moshi, anahesabu vitanda, kisha jina lako linachunguzwa isije ikawa una rekodi ya polisi. Unakubali kukaa naye si chini ya miezi 6. Zaidi ya watu laki moja wameingia nchi hii kwa mlango huo.

Kwangu hapa Leeds waliingia wawili, mama wa Kharkiv na mwanawe wa darasa la tatu, kwa kuwa binti yangu alikuwa ameenda chuo kikuu na chumba chake kilikaa bure. Nilipopiga simu Bungoma kuwapa habari, dada yangu mkubwa aliniuliza mara mbili kuhusu zile pauni. "Yaani wewe, mtoto wa mama yetu, unalipwa kukaa na mgeni?" Akacheka mpaka nikamsikia akimwita jirani aje asikie.

Kicheko hicho nakijua vizuri. Huku ughaibuni kimegeuka kuwa hoja. Tukikutana kwenye matanga au mchango wa kusafirisha maiti, hakosi mmoja wa kusema kwamba kwa Mzungu hata wema una bei, ilhali sisi wa magharibi mwa Kenya tulipokeana bila karatasi wala senti. Wote tunaitikia. Nami naitikia, kwa sababu ni kweli tulipokeana. Nisichokubali ni kile kinachofuata, kwamba basi njia yetu ilikuwa bora na hakuna anayetudai kitu.

Sisi tulikuwa watu wa nyumba mbili kabla hata ya kupanda ndege. Babu alitoka Kimilili akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi Trans Nzoia, na baada ya uhuru baba akapata ekari chache upande wa Endebess. Tulizaliwa na kusoma Kitale, lakini ukituuliza kwetu ni wapi tulijibu Bungoma, ambako wazee wetu walizikwa. Mwishoni mwa 1991 na mwaka 1992, mapigano ya kikabila yaliyoandamana na ujio wa vyama vingi yalipolipuka Mlima Elgon na Trans Nzoia, wengi walikimbilia kwa jamaa. Mwaka huohuo wa 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa Turkana, na kwa kuwa barabara ya kwenda huko hupita Kitale, malori ya chakula cha wakimbizi wa Sudan yalikatiza katikati ya mji uliokuwa na wakimbizi wake wenyewe.

Kisha mlima ukawaka tena. Mgogoro wa mashamba ya Chebyuk, mradi ulioanza 1971 kwa ajili ya watu walioondolewa Chepkitale, ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF. Kuanzia 2006 hadi jeshi lilipoingia Machi 2008 kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, waliouawa walipita 600, na makumi ya maelfu waliacha nyumba zao. Wanajeshi nao waliacha nyuma madai ya mateso, na wanaume ambao jamaa zao bado wanauliza walipelekwa wapi. Walioshuka mlima hawakukuta mahema mengi. Walishukia Cheptais, Chwele, Kimilili, katika nyumba za watu. Wengine ilibidi wabishe hodi kwa shemeji wa kabila lilelile walilokuwa wakiambiwa ni adui.

Katikati ya hayo ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na fujo zilizofuata. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale ulijaa mahema, na picha za mahema hayo ndizo zilizoonekana kwenye runinga. Lakini tazama hesabu ya serikali yenyewe: waliofurushwa nchini kote walikuwa 663,921, na kati yao zaidi ya 310,000 hawakukaa kambini. Walikuwa kwa jamaa na marafiki. Karibu nusu ya wakimbizi wetu walibebwa na watu ambao hakuna aliyewapiga picha.

Nilikuwa nimekuja likizo ya Krismasi, nikaikuta nusu hiyo ikiingia kwa kukhu, nyanya yangu, Kimilili. Nyumba ya vyumba vitatu ilipokea watu 11. Senge, shangazi yangu, alishuka kwenye lori kutoka Endebess amekumbatia kichwa cha cherehani kilichofungwa kwa blanketi. Miguu ya chuma ya cherehani aliiacha ikiungua pamoja na nyumba. Ghala la kukhu lilikuwa na mahindi, maana ndio kwanza mavuno yalikuwa yameingia. Siku za kwanza alipima unga kwa gorogoro iliyojaa hadi ikafanya kilele. Wiki chache baadaye nilimwona akisawazisha juu kwa kiganja, na kilichomwagika akikirudisha guniani. Hakusema kitu. Senge naye alikuwa amekaa pale jikoni, akaona, hakusema kitu.

Kesho yake senge aliweka kichwa cha cherehani juu ya benchi, akawa anazungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku binti yake akisukuma kitambaa. Alishona sare za watoto wa jirani zilizochanika. Jioni akaja na chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule alijitafutia jembe mwenyewe kabla hajapewa.

Ilipofika Mei, serikali ikaanza kuwarudisha watu mashambani kwa mpango ulioitwa Rudi Nyumbani. Waliofurushwa wangepewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na walioteketezewa nyumba wangepewa 25,000 za kujengea. Shida ilikuwa kuandikwa. Orodha zilianzia kambini, na senge hakuwa kambini. Binamu yangu mmoja, mtu mwenye kitanda na godoro kwa kukhu, alihamia uwanja wa maonyesho akalala chini ya hema ili apate jina kwenye karatasi. Waliokuwa kwa jamaa waliendelea kulalamika kuhusu pesa hizo kwa miaka mingi.

Kukhu je? Kwake hapakuwa na foleni ya kupanga. Mahindi yaliyopaswa kufika Agosti yaliisha Aprili, na aliyokuwa ameyatenga ya mbegu yakaenda kwenye mashine ya posho pamoja na mengine. Alikata mikaratusi ya kuni. Aliuza ndama. Dukani jina lake lilijaza ukurasa mzima wa daftari la mkopo. Baya zaidi lilikuwa shamba. Alimkatia senge kipande alime mboga na maharagwe, na ndugu zake wa kiume wakaanza kunung'unika kwamba binti aliyeolewa amerudi kudai urithi. Senge alikaa miaka, kwa sababu kule Endebess aliogopa kurudi, na manung'uniko hayo yalikaa naye. Kukhu alipofariki, watoto wake waliketi pande mbili za hema.

Hiyo ndiyo bei tuliyolipa kwa upokeaji wetu wa bure. Mtu akisema hatukutumia senti namuuliza: ndama yule alikuwa wa nani?

Mgeni wangu wa Kharkiv aliniomba, siku ya pili tu, nimpe rafu yake kwenye friji. Damu ya Kibukusu ilinichemka kidogo. Mgeni anunue viazi vyake chini ya paa langu? Lakini nilimpa, na kadiri miezi ilivyokwenda nikaona rafu ile inafanya kazi gani. Alikula alipotaka. Alipika supu yake ya kiazisukari chekundu, jikoni kukawa kwekundu hadi kwenye swichi, na hakuomba radhi. Hakuwahi kuosha vyombo vyangu ili kunilipa. Nikawakumbuka binti za senge, walioamka kabla ya jogoo kuchota maji ambayo hakuna aliyewatuma, na kuketi karibu na mlango wakati wa kula. Waliishi na nyanya yao wa damu kama watu walioajiriwa. Wa Kharkiv alipata kazi kwenye jiko la shule, akakodi nyumba yake, akahama. Tulitengana tukiwa bado tunapenda kuonana, na nadhani karatasi ile tuliyotia sahihi ilichangia: yeye alijua hanyonyi mtu, mimi nilijua kuna tarehe ya kuzungumza.

Usidhani nimetekwa na Waingereza. Wiki hizohizo walipokuwa wakiwafungulia Waukraine milango, tarehe 14 Aprili 2022, serikali ileile ilitangaza makubaliano ya kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi waliovuka bahari kwa mashua. Mahakama ya Juu iliukataa mpango huo Novemba 2023 na serikali iliyofuata ikautupa, lakini nia ilikuwa imeonekana. Mwukraine aliruhusiwa kufanya kazi tangu siku aliyotua. Msudani au Mkongo aliyeomba hifadhi alingoja mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa hata kuomba kibali, na hapo alipewa orodha fupi ya kazi. Jembe hutolewa kwa kutazama pasipoti. Njiani kuelekea mpaka wa Poland wanafunzi Waafrika waliokuwa wakisoma Ukraine walishushwa kwenye treni ili wengine wapande kwanza, hadi Umoja wa Afrika ukatoa tamko la kulaani. Na mdogo wangu, aliyeomba kuja wiki mbili tu kwa ajili ya mazishi, alinyimwa viza kwa barua ya kurasa mbili. Mgeni wangu aliniuliza kwa nini hakuna jamaa yangu hata mmoja anayenitembelea. Nilimweleza. Alinyamaza.

Kwa hiyo hawa wanajua kulipa na kuandika, ila wanachagua wa kumwandikia. Sisi tunapokea yeyote, ila hatuandiki. Nikilazimika kuchagua mlango wa kubisha usiku, bado ningebisha wa kukhu. Lakini ningependa kukhu alipwe.

Na tusijione kana kwamba habari za Ukraine zilitufikia kwa runinga tu. Miaka ya vita vya pili vya dunia, maelfu ya Wapolandi waliofukuzwa na Stalin kutoka maeneo ambayo leo mengi ni magharibi mwa Ukraine na Belarus waliletwa Afrika Mashariki kupitia Uajemi. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, yenye watu kama 5,000. Nyingine zilikuwa Uganda, Koja na Masindi, na kanisa walilolijenga Nyabyeya, huko Masindi, lingali limesimama. Mwaka 2008 Wakenya waliovuka Malaba na Busia kukimbia fujo walikusanywa Mulanda, Tororo, kisha waliobaki wakahamishiwa Kiryandongo, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya hiyohiyo ya Masindi. Kutoka mjini Bungoma hadi Malaba ni mwendo wa matatu moja. Watu wetu wamekuwa wakimbizi wa kigeni, wakapewa ardhi ya kulima na jirani asiyewajua.

Hata zile pauni zina kisa chake. Vita vilipandisha bei ya mbolea kila mahali, na msimu wa 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000 Kitale. Ruzuku ya kuushusha hadi 3,500 ilikuja Septemba, mahindi yakiwa yameshabeba. Ya 2,500 ikaja mwaka uliofuata. Kaka yangu alikuwa amepanda nusu ya shamba akakosa mbolea ya kukuzia. Pauni 350 za kwanza nilizopewa kwa kumweka mtu wa Kharkiv zilikwenda Trans Nzoia kununua mbolea iliyopandishwa bei na vita vilivyomfukuza mtu huyo Kharkiv. Dada yangu alipata magunia mawili ya mavuno hayo. Siku hizi hacheki tena.

Kenya ina sheria ya wakimbizi wa ndani tangu 2012, na hata kwenye jina lake imetaja jamii zinazoathirika. Mwenye nyumba anayegawa ghala lake ameathirika kuliko wengi. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zina machifu, wasaidizi wao, na wazee wa nyumba kumi wanaojua nani amelaza nani, maana kijijini jambo hilo halifichiki. Kuweka daftari la wenyeji hakuhitaji mfadhili. Kulihitajika 1992, kukahitajika 2008, na uchaguzi wa 2027 una tarehe tayari.

Nawe uliyeko huku, Leeds, Doha au Minneapolis, unayetuma pesa siku balaa linapotokea: najua unamtumia aliyekimbia. Mtumie na aliyempokea. Kama kuna nyumba iliyokulaza wewe au wazazi wako mwaka 1992 au 2008, na mwenyewe yu hai, mpigie simu mwezi huu umuulize mbegu ya msimu ujao atainunua kwa nini.