Tundu Katika Ubavu wa Tangi

Katika nyumba za askari, ambamo ukuta mmoja hutenga jamaa mbili, mtu hawezi kumwaga maji kwa siri. Sajini mmoja wa trafiki mjini Jinja alitambua hayo aliporudi alfajiri kutoka zamu ya usiku, akalikuta godoro la koplo jirani yake limeanikwa juu ya ua, na mkewe ameketi kizingitini na tambara la deki mkononi, kimya.

Maji yalikuwa yametoka katika tangi la samaki. Tangi hilo ni la kioo cha unene wa milimita 10, urefu sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Ndani yake wanaishi furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria ambao Waganda huwaita nkejje. Watu wengi huwajua nkejje waliokaushwa na kutungwa vijitini, chakula wanachopikiwa watoto waliodhoofika. Wachache wamepata kuwatazama wakiwa hai, dume akiwaka rangi mbele ya majike. Zamani ziwa lilikuwa na mamia ya aina zao. Sangara alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akaja kuzagaa katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Kwa hiyo Sajini, aliyekulia kando ya ziwa hilo, hawahesabu samaki wake kuwa pambo la sebule.

Chini ya tangi kuna tangi jingine dogo la kusafishia maji. Pampu huyapandisha maji kutoka chini, nayo yanayozidi hayana budi kurudi kwa njia ya pili. Sajini alikuwa ametumia kisanduku cha kuning'iniza ukingoni, ambacho maji yake huvuka ukingo wa kioo kwa mrija uliopinda, yakivutwa kama dereva avutavyo petroli kwa mpira. Kifaa hicho hufanya kazi vema maadamu mrija umejaa maji. Usiku ule umeme ulikatika, pampu ikasimama, na hewa ikaingia mrijani. Umeme uliporudi saa nane, pampu ilianza tena kazi yake kwa uaminifu, lakini mrija haukuvuta kitu. Lita 40 hivi zilipanda, zikafurika, zikapenya ufa wa ukuta mpaka chumbani kwa Koplo.

“Baba watoto,” alisema mkewe baada ya kumwandalia chai, “mara ya pili sitapiga deki. Utawakuta samaki wako vijitini.”

Sajini alimnunulia Koplo godoro jipya, na mwezi ule haukuwa na nyama. Kisha akaanza kutafuta njia ya kutoboa kioo. Shauri lenyewe si geni kwa wafugaji wa samaki: tundu hutobolewa karibu na ukingo wa juu, maji yakapita humo na kuingia katika kisanduku cha kioo kilichobandikwa nje, na kutoka kisandukuni yakateremka kwa mabomba. Hapo hakuna mrija wa kupoteza mvuto. Pampu ikisimama, maji hushuka mpaka kwenye mdomo wa njia yake, kisha hukoma yenyewe. Pampu ikiamka, huendelea. Lakini mrija ulioharibika hubadilishwa kwa dakika moja, bali kioo kilichopasuka hakuna fundi wa kukishona.

Tayari alikuwa amekwisha kuchora duara mbili kwa kalamu kwenye kioo cha nyuma, mkewe alipomwuliza, “Hicho si kile cha dukani?” Ndipo Sajini alipokumbuka. Fundi aliyelijenga tangi alikuwa amejisifu kwamba kioo cha nyuma hakukikata hata kidogo. Kilikuwa rafu ya kabati la duka, nalo tangi zima likapimwa kwa kukifuata. Sasa, vioo vya rafu aghalabu hupashwa moto mkali kiwandani na kupozwa ghafla, ili vistahimili mizigo. Kioo cha namna hiyo hukatwa na kutobolewa kabla ya kutiwa moto tu. Baada ya hapo, ukikitia drili hakipasuki ufa mmoja; husambaa chote kwa mara moja, vipande vidogo kama punje za mahindi.

Wakati mwingine kioo kama hicho huwa na muhuri wa kiwanda pembeni. Hiki hakikuwa nao. Sajini akachukua miwani yake ya kazini, ile inayokata mng'aro wa lami (si kila miwani ya jua ifaayo), akamwambia binti yake awashe kompyuta na kuishika nyuma ya tangi. Alitazama kwa mbele, akainamisha kichwa polepole mpaka mwanga wa kompyuta ukafifia. Madoa yakatokea kiooni, meusi meusi, yamepangana kama ya ngozi ya chui. Wakajaribu kwenye ubavu wa kulia na wa kushoto. Hapo mwanga ulififia sawasawa, bila doa hata moja. Mbavu zile zilikuwa za kioo cha kawaida.

Drili ya kuazima ilikuwa mezani, imekwisha kuchomekwa kwenye umeme. Sajini aliichomoa, akaketi kitako kwa muda mrefu. Mkewe alifuta zile duara kwa tambara.

Kazi ilifanywa Jumamosi, kwenye ubavu wa kulia. Siku mbili kabla yake jike mmoja alikuwa amefumbata mayai kinywani. Ndivyo furu walindavyo watoto wao. Jike hali kitu kwa majuma mawili au zaidi mpaka vifaranga wajue kuogelea, na akitishwa huweza kuwatema au kuwameza. Wenzake wakawekwa katika mabeseni pamoja na pampu ndogo za hewa, naye akapewa ndoo yake peke yake, ikafunikwa kwa kanga ya mwenye nyumba. Tangi tupu lina uzito wa kilo 55 hivi. Sajini na Koplo walilisimamisha kwa ubavu, ule wa kutobolewa ukiwa juu, na chini wakatandika lile godoro lililoharibika.

Fundi wa vigae alikuwa amewaazima kikombe cha chuma cha milimita 40, chenye unga wa almasi ukingoni. Kioo hakikatwi kwa nguvu, husagwa. Walizungushia mahali pa tundu ukuta mdogo wa udongo, wakautia maji ili kuondoa joto, na Koplo akashika kibao kwa ndani kukipa kioo egemeo. Tundu la kwanza liliachiwa sentimita tano kutoka ukingoni, kwa sababu kioo kilichobaki chembamba huvunjika. Drili ilizungushwa polepole. Maji yakawa meupe kama maziwa. Dakika tano zikapita, kisha kumi, na macho hayakuona maendeleo yoyote.

“Afande, kandamiza kidogo,” alisema Koplo.

Sajini hakukandamiza. Jasho lilimdondoka puani, likaingia katika yale maji meupe. Mwishoni alipunguza hata uzito wa mkono, na kidonge cha kioo kikaangukia kibaoni kwa mlio mdogo. Tundu la pili halikuwa na hadithi.

Kisanduku kilibandikwa kwa silikoni ya kawaida, ile inayonuka siki inapokauka. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu ni sumu kwa samaki. Kikaachwa siku tano, na mabeseni yakabadilishwa sehemu ya maji kila jioni. Ndani ya kisanduku mliwekwa mabomba mawili, moja lenye koki, na la pili refu zaidi, ambalo siku zote hubaki kavu likingojea la kwanza lizibe. Aidha Sajini alipiga hesabu ambayo hakuipiga mara ya kwanza: pampu ikisimama, sentimita mbili za maji ya juu hushuka, yaani lita 11 hivi, nazo lazima zipate nafasi chini. Akachora mstari wa rangi kwenye tangi la chini, maji yasijazwe kupita hapo.

Juma lililofuata alipangwa tena zamu ya usiku. Aliporudi alfajiri jamaa yote ilikuwa imelala. Jike alikuwa pembeni, bado amefumba kinywa. Juu ya tangi palikuwa na daftari la shule, na ndani yake mwandiko wa mkewe: saa nne, nimezima, nimewasha, saa saba, nimezima, nimewasha, saa kumi, vivyo hivyo. Sakafuni, chini ya tangi na kando ya ukuta wa Koplo, lilikuwa limetandazwa gazeti. Sajini aliinama akalipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Lilikuwa kavu, tena ni lile la juma hilo, ambalo alikuwa hajalisoma.