Baki la Laki

Neno laki lilitufikia kutoka Bara Hindi, likiandamana na biashara. Sisi wanafunzi wa lugha hutosheka na asili hiyo. Ni nadra kuuliza ndani ya laki mna nini. Mimi nilifunzwa ufuoni Dunga, Kisumu.

Baba alipofariki, mashua yake iliuzwa kwa shilingi 100,000. Tulikuwa watoto watatu. Kila mmoja alipangiwa 33,333, na shilingi moja ikabaki. Kaka alidai nimekosea, nikarudia hesabu. Sikuwa nimekosea. Laki hupatikana kwa kuzidisha 2 tano na 5 tano. Namba tasa nyingine haimo. Ina vigawanyo 36, na 3 si kimojawapo.

Tuliigombania shilingi ile, si kwa thamani yake, bali kwa kuwa kila mmoja alihofia kudhulumiwa. Ndipo mama, aliyekuwa akipara samaki, akauliza taratibu:

“Wanangu, na mimi mmenihesabu?”

Tukanyamaza. Nne ni 2 mara 2, hivyo laki hugawika kwayo bila baki: 25,000 kila mmoja.

Tangu siku hiyo, nionapo baki, hujiuliza kwanza ni nani tuliyemsahau.