Gololi Tisa

Watu wa pwani husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi, na hushangaa kwa nini mbebaji anahema. Methali hii ni ya mbali na Suguti, kata ya Musoma Vijijini mkoani Mara, ambako mto wenye jina hilohilo humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Hata hivyo, jioni moja ukweli wake ulidhihirika huko, ndani ya kitovu cha gurudumu la baiskeli.

Mwenye baiskeli hiyo alikuwa fundi mzee. Kwa miaka mingi alikaa chini ya mwembe na spana zake, akitengeneza baiskeli zilizobeba kila kitu wanachokihitaji watu wa kando ya ziwa: magunia ya udaga, matenga ya samaki, mkaa, madumu ya maji, na mara nyingine mgonjwa. Sifa yake kubwa ilikuwa sikio. Kama malenga autambuavyo mshororo uliopungua mizani kabla hajahesabu kwa vidole, ndivyo naye alivyoitambua baiskeli yenye maradhi ingali njiani. Mnyororo mkavu ulikuwa na mlio wake, spoku iliyolegea ilikuwa na mlio wake, na gololi iliyovunjika ilikoroma kwa namna isiyofanana na kitu kingine. Mteja alipofika na kuanza kueleza, fundi alikuwa ameshaishika spana inayohusika.

Siku hiyo mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya magari mjini Mwanza, alikuwapo nyumbani kwa likizo. Dada yake aliingia uani na baiskeli ya nyumba, akitoka kuuza dagaa, na gurudumu la nyuma likakoroma tangu langoni hadi ukutani. Kijana aligeuka kumtazama baba yake, akingoja aseme neno. Mzee aliendelea kunywa uji wake.

"Baba, gurudumu la nyuma linalia," alisema kijana. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Kesho dada yako ana safari," mzee alijibu. "Tulifungue."

Baiskeli ikapinduliwa. Nati zikalegezwa, gurudumu likatolewa, na ekseli ikachomolewa juu ya bakuli la bati ili gololi zisitawanyike mchangani. Zilioshwa kwa mafuta ya taa, zikafutwa kwa kitambaa na kuhesabiwa. Kitovu cha nyuma cha baiskeli kama hiyo huwa na gololi tisa kila upande, kila moja ikiwa na kipenyo cha robo inchi. Tisa za kulia zilikuwa nzima. Za kushoto zilikuwa saba nzima na mbili zilizopasuka, na koni iliyozikalia ilikwisha kuchimbika vishimo.

"Tununue koni na gololi mbili, Baba," alisema kijana. "Hizi saba bado zinang'aa." Fedha ya nyumbani alikuwa akiijua, na alitaka kuiokoa.

"Usitazame kung'aa, mwanangu. Nunua tisa."

Hapo mzee alieleza jambo ambalo macho hayalioni. Gololi saba za zamani zilikuwa zimelika pamoja, kidogo kidogo. Ukitia mbili mpya kati yao, hizo mpya zitakuwa kubwa kuliko wenzake kwa unywele, na unywele huo unatosha kuzitwisha gunia zima kila zinapopita chini ya mzigo. Zile saba zitazunguka tu, zikisindikiza. Baada ya muda mpya zitapasuka, koni itachimbika tena, na mwenye baiskeli atalaumu duka. Zile tisa za kulia zilizochakaa kwa usawa alizirudisha mahali pake na grisi mpya, bila wasiwasi.

Mzee hakulipata hilo kitabuni, lakini historia inamuunga mkono. Jules Suriray, fundi wa baiskeli wa Paris, alipata hataza ya beringi ya gololi mwaka 1869, na mwezi Novemba mwaka huohuo James Moore, Mwingereza, alishinda mbio za kutoka Paris hadi Rouen juu ya baiskeli yenye beringi hizo. Ugumu uliobaki ulikuwa kuzifanya gololi zilingane. Mwaka 1883, katika mji wa Schweinfurt, Ujerumani, Friedrich Fischer alibuni mashine ya kuzisaga gololi za chuma hata zikawa na mviringo mmoja na ukubwa mmoja. Magari yaliyokuja baadaye yaliurithi usawa huo kutoka kwa baiskeli.

Wakati wa kupaka grisi, kijana alisimulia habari za magari ya umeme. Beringi zake hufungwa pamoja kama kitu kimoja. Zikichakaa hazifunguliwi kuhesabiwa, hung'olewa nzima na nyingine hushindiliwa mahali pake. Na kwa kuwa gari hilo halina injini ya kunguruma, mkoromo wa beringi husikika mapema.

"Basi ni kama baiskeli," mzee alisema, akacheka. "Kimya chake ndicho kinachomsema."

Ikabaki kazi ya koni, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Ikikazwa mno, gololi husagika. Ikilegezwa mno, gurudumu huyumba. Kijana aliikaza, akalizungusha gurudumu, akasema, "Sikiliza, Baba. Iko sawa?"

Mzee alinyamaza kidogo.

"Sisikii, mwanangu. Tangu masika yaliyopita."

Hakuna aliyekuwa ameambiwa. Wateja walikuwa wakieleza maradhi ya baiskeli zao, naye akiitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye alikwisha kuyajua. Kijana hakupata la kusema. Mzee aliinama, akaweka kiganja juu ya fremu, karibu na kitovu, akaashiria gurudumu lizungushwe tena. Alifumba macho. "Umeikaza mno. Rudisha kidogo." Ikarudishwa kidogo. "Bado." Mara ya tatu alikitwaa kiganja cha mwanawe, akakiweka mahali kilipokuwa chake. Mtikisiko mwembamba ulipita ndani ya chuma, kisha koni iliposogezwa tena ukatoweka.

Alfajiri dada mtu alitoka na tenga la dagaa juu ya keria. Baba na mwana walisimama langoni wakiisindikiza baiskeli kwa macho hadi ilipopinda barabarani. Kijana alitega sikio kwa makini, naye pia hakusikia kitu.