Pumzi za Mavyaa

Wanawake wa pwani wengi tumezoea kuiita kichomi. Wengine husema homa ya mapafu, na daktari huandika nimonia. Ni vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu vinavyojaa maji na usaha, hata pumzi ikakosa pa kuingia. Maradhi haya huwaonea zaidi watoto walio chini ya miaka 5 na wazee waliopita miaka 65. Habari za watoto tunazisikia kila tuendapo kliniki. Za wazee husemwa kidogo, nami nimezijua kwa kumuuguza mavyaa wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 78, katika baridi ya kusi mwaka juzi.

Mavyaa hakuwa na homa kali, wala hakukohoa sana. Alianza tu kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, na chai yake ya asubuhi akaiacha ikapoa. Nyumba nzima ilisema ni uzee. Wifi yangu ndiye aliyesimama mlangoni, akamtazama kifua na kusema, "Huyu anapumua upesi mno." Tukahesabu kwa saa ya ukutani dakika nzima: pumzi 32. Mtu mzima aliyetulia hupumua baina ya mara 12 na 20. Adhuhuri ile tukampeleka hospitali, akatiwa hewa ya oksijeni na dawa za mshipa, na siku ya tano tukarudi naye nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa hapo. Muuguzi aliyetuaga, kijana mpole, alinieleza mambo ambayo hadi leo nayarudia kwa kila anayeniuliza. Mgonjwa asilazwe chali. Ainuliwe kwa mito hata awe nusu ameketi, na akiwa hawezi kujigeuza, ageuzwe ubavu kila saa mbili ili makohozi yasitulie mahali pamoja. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu mara kumi, kisha akohoe, huku ameukumbatia mto kifuani ili maumivu yapungue. Ale akiwa ameketi, kidogo kidogo, na asilale mpaka nusu saa ipite, kwani chakula kikipotea njia huingia mapafuni. Kinywa nacho kisafishwe asubuhi na usiku. Mavyaa amebakiwa na meno machache, kwa hivyo mswaki tuliuweka kando, tukatumia kitambaa laini na maji ya chumvi. Na dawa zinywewe hadi siku ya mwisho aliyoiandika daktari, hata kama mgonjwa ameshaanza kugombana na wajukuu.

Lililonipa tabu halikuwa katika maelezo yale. Kwetu mgonjwa akirudi nyumbani, chumba hujaa. Wanawake huketi kitandani na mkekani, madirisha hufungwa kwa kuogopa upepo, na chetezo huwashwa. Mimi ni mke wa mwana, nitawaambiaje wakubwa? Siku ya pili dada mkubwa wa mavyaa alikuja na ubani wake. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Bi Mkubwa, mapafu yake hayawezi moshi kwa sasa." Akanijibu, "Nyumba isiyofukizwa ni nyumba gani, mwanangu?" Sikumjibu. Alimtazama nduguye jinsi kifua kilivyokuwa kikipanda na kushuka, akakichukua chetezo mwenyewe, akashuka nacho hadi uani. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni chini: mwenye mafua aliombwa aombee dua palepale, na wengine waliingia wawili wawili, hawakai. Kumzuru mgonjwa ni sunna, na kutomchosha ni katika adabu zake.

Uchovu wa mavyaa ulichukua wiki sita kumtoka. Daktari alituambia tuulizie chanjo ya mafua na ile ya nimonia kwa wazee, tukafanya hivyo.

Kwa wenye watoto wadogo nyumbani, hesabu ya pumzi ni tofauti, na ihesabiwe mtoto akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Mbavu zikibonyea ndani akivuta pumzi, au akishindwa kunyonya, msingoje kuche. Tangu mwaka 2011 chanjo ya kuzuia nimonia hutolewa nchini mwetu mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na utafiti wa Kilifi umeonyesha jinsi watoto wanaolazwa kwa maradhi haya walivyopungua. Jiko la makaa, nalo, lisiingizwe chumbani anamolala mtoto, hata usiku wa mvua.